Maji Nayo Yanatembea

Hotuba kwa wavuvi, akina mama wa dagaa na vijana wanaojifunza programu, katika mwalo mmoja wa Ilemela, Mwanza

Mwenyekiti wa BMU, yaani kikundi chetu cha kusimamia mwalo, wazee wangu, akina mama wa dagaa, na ninyi vijana mliojipanga kando ya mlango kama mnaotegea chai: mwangaluka.

Nimeitwa nieleze jambo ambalo ukilisikia unaliona jepesi. Tuna kamera, tuna mlingoti, tuna ziwa mbele yetu. Tunataka kamera itwambie mtumbwi umetoka, mtumbwi umerudi, na usiku ituamshe mtu akisogelea mashine za mitumbwi iliyofungwa. Mwenyekiti aliponipigia simu alisema, "Mwalimu, si ni kuangalia tu kinachotembea?" Nikamjibu ndiyo. Nilijibu haraka mno.

Kamera ya kwanza tuliinunua dukani, boksi lake limeandikwa kwamba inatambua mwendo. Tukaifunga Jumamosi jioni, nikaiunganisha na simu yangu ili kila ikiona kitu initumie ujumbe. Hadi saa nne usiku simu ilikuwa ya moto mfukoni. Mwendo umeonekana. Mwendo umeonekana. Nikakaa kitandani nafungua picha moja moja: maji. Maji. Korongo anavuka na utumbo wa samaki mdomoni. Maji. Wadudu wa ziwani wameizunguka taa kama moshi. Mbwa. Maji tena. Alfajiri, mitumbwi ya dagaa iliporudi kweli, simu ilishakufa chaji.

Nilitaka kuirudisha kamera dukani. Mke wangu ndiye aliyenizuia, akasema, "Wewe umeiuliza nini kinatembea, nayo imekujibu." Ni kweli. Hapa kwetu kinachotembea kuliko vyote ni maji yenyewe, na kamera haikuwa na sababu ya kunificha. Kwa hiyo leo sitazungumzia kamera ipi ni nzuri. Nitazungumzia namna mbalimbali za kuiuliza swali, na kila namna inavyopata taabu yake ikifika ukingoni mwa ziwa hili.

Tuanze na video yenyewe. Video haitiririki. Ni picha zilizosimama zinazopita mbio, kwa kamera yetu 25 kila sekunde, na kila moja tunaiita fremu. Fremu imegawanyika katika vidoti, pikseli. Yetu ina 1280 kwa upana na 720 kwa urefu, yaani pikseli 921,600. Zidisha kwa 25, kila sekunde kompyuta inapokea zaidi ya pikseli milioni 23. Picha ikiwa haina rangi, kila pikseli ni namba moja kati ya 0, weusi kabisa, na 255, weupe kabisa. Ndani ya namba hizo hakuna mtumbwi. Hakuna hata mwendo. Kuna namba iliyokuwa 84 sasa ni 131, basi. Neno "kutembea" ni letu sisi tunaoangalia.

Njia kongwe ni kutoa. Unachukua fremu ya sasa, unatoa iliyotangulia, hesabu ya darasa la pili. Tofauti ikizidi kiwango ulichoweka, pikseli hiyo imetembea. Ramesh Jain na Hans-Hellmut Nagel walikuwa wakiandika juu ya tofauti za fremu tangu 1979, na hadi leo kamera nyingi za bei ya chini zinatumia binamu wa njia hiyo. Siidharau. Ndani ya stoo ya nyavu, ukutani, mlango umefungwa, sihitaji kitu kingine. Haili umeme, haihitaji kufundishwa, mtu akiingia inapiga kelele.

Toka nje sasa. Mtumbwi unaopigwa kasia, tuseme unakwenda mita moja na nusu kwa sekunde. Kati ya fremu na fremu unasogea sentimita 6 tu. Ukiwa mbali kiasi kwamba pikseli moja inafunika sentimita 10 za dunia, mtumbwi haujavuka hata pikseli moja. Mashine inasema umesimama. Wakati huohuo mng'ao wa jua juu ya wimbi umeruka kutoka weusi hadi weupe mara kadhaa katika sekunde hiyohiyo. Kwa hiyo inakosa mtumbwi na inashika maji. Unaweza kujitetea kwa kulinganisha na fremu ya kumi nyuma badala ya iliyotangulia. Hapo mtumbwi umesogea sentimita 60, pikseli sita, na unaonekana. Lakini maji nayo yamepata muda wa kubadilika zaidi.

Halafu kuna mtumbwi uliotobolewa. Ubavu wa mtumbwi uliopakwa rangi moja, ukisogea kidogo, katikati yake hakuna kilichobadilika: palipokuwa buluu bado ni buluu. Kinachoonekana ni kipande cha mbele na kipande cha nyuma. Kijana mmoja hapa alinionesha kwa furaha kwamba programu yake imehesabu mitumbwi miwili. Ulikuwa mmoja, pua na mkia.

Akina mama, njia ya pili mnaifanya kila siku. Mama aliyeanika dagaa kwenye chanja hahitaji kukumbuka sekunde iliyopita. Anajua chanja yake inavyokaa. Kunguru akitua anamwona, na akitulia tuli bado anamwona, kwa sababu hakuwa sehemu ya chanja. Kompyuta nayo inaweza kujijengea picha ya mahali pasipo na mgeni, tunaiita usuli, kisha kila fremu mpya inalinganishwa na usuli huo. Sasa mtumbwi hautobolewi tena, unaonekana mzima.

Swali ni usuli unatoka wapi. Rahisi ni wastani unaojisahihisha: kila fremu mpya inachangia kidogo, mfano sehemu moja kwa mia, na kumbukumbu ya zamani inabaki na sehemu 99. Jua likipanda, usuli unapanda nalo polepole. Nzuri kwa barabara ya lami. Kwa ziwa ni uongo wa kihesabu, na hapa naomba mnivumilie kidogo kwa sababu ndipo penye uhondo. Pikseli moja ya maji saa nane mchana inakuwa nyeusi, mara inametameta nyeupe, mara ina povu. Ukichukua wastani wa weusi na weupe unapata kijivu. Lakini maji hayajawahi kuwa kijivu hicho hata sekunde moja! Umeifundisha mashine kusubiri kitu kisichotokea, kisha unashangaa inapiga yowe kwa kila kinachotokea.

Mwaka 1999 Chris Stauffer na Eric Grimson, wa chuo cha MIT kule Marekani, walichapisha dawa. Kila pikseli iruhusiwe kuwa na tabia zaidi ya moja, wao wakitumia tatu hadi tano. Tabia ya kwanza, maji meusi. Ya pili, mng'ao. Ya tatu, povu. Kila tabia ina uzito kulingana na inavyojirudia, na namba mpya ikifanana na mojawapo ya tabia nzito, hakuna habari. Isipofanana na yoyote, kuna mgeni. Mimi hilo linanikumbusha mlinzi mzoefu: hajui "hali ya kawaida" moja, anajua hali za kawaida kadhaa. Mwaka 2004 Zoran Zivkovic akaiboresha ili kila pikseli ijiamulie inahitaji tabia ngapi. Ile iliyo kwenye mchanga mkavu ikae na moja, ya majini ichukue nyingi. Toleo hilo limo ndani ya OpenCV, mkusanyiko wa programu za bure ulioanzia kampuni ya Intel, na ndilo nililoanza nalo baada ya aibu ya Jumamosi.

Kelele zilipungua sana. Hazikuisha. Na likazuka tatizo ambalo wazee waliligundua kabla yangu. OpenCV isipoguswa inakumbuka fremu 500. Kwa kamera yetu hizo ni sekunde 20. Mtumbwi ukitia nanga kupakua, hata sekunde hizo haziishi, mashine imeshauzoea na kuumeza kuwa sehemu ya ziwa. Mzee mmoja alikuwa amesimama nyuma yangu akitazama skrini, akasema, "Umenifutia mtumbwi wangu." Na ulikuwa wake kweli. Ukikaa saa nzima halafu uondoke, maji yaliyokuwa chini yake sasa ndiyo mageni, na kwenye skrini unabaki umbo la mtumbwi usiokuwepo. Wenye fani wanaliita mzimu, siyo mimi niliyetunga.

Unaweza kurefusha kumbukumbu. Nilipeleka hadi fremu 15,000, dakika 10. Wingu likapita juu ya Capri Point, ghuba nzima ikawa giza mara moja, na mashine ikatangaza kwamba ziwa lote ni mtumbwi mmoja mkubwa. Ukiikumbusha sana inakuwa kaidi, ukiisahaulisha haraka inameza wageni. Hakuna namba ya katikati itakayowapendeza wote, nimeitafuta.

Njia ninayoipenda binafsi ilitoka Ubelgiji, Chuo Kikuu cha Liège, kwa Olivier Barnich na Marc Van Droogenbroeck. Inaitwa ViBe. Yenyewe haitafuti wastani wala uzito. Kila pikseli inatunza mifano 20 ya namba ilizowahi kuona pale, kama vile mtu anavyotunza picha za zamani kwenye bahasha. Namba mpya ikija, inatazama bahasha: kama kuna angalau mifano miwili iliyo karibu nayo, ni maji tu. Kama haipo, ni mgeni. Pikseli ikionekana ni maji, kuna nafasi moja kati ya 16 kwamba namba hiyo itawekwa kwenye bahasha, na itakayotolewa kuipisha huchaguliwa kwa bahati nasibu. Siyo ya zamani zaidi. Yoyote.

Vijana huniuliza kwa nini bahati nasibu, wanaona ni uvivu. Fikirini. Ukitoa ya zamani kila mara, kila mfano unaishi muda uleule, na cha zamani kuliko hapo kimesahaulika chote. Ukitoa yoyote, zinabaki chache za nyuma zaidi zilizosalimika kwa bahati, na mng'ao unaorudi mara mojamoja bado una shahidi wake. Tena pikseli humgawia jirani yake mfano mara nyingine, kwa hiyo ule mzimu wa mtumbwi unaliwa kutoka kingoni kuelekea ndani, kwa kuwa maji yanayouzunguka yanafanana nao. Mtumbwi halisi uliotulia haufanani na maji, unachelewa kumezwa. Mara ya kwanza nilipouona mzimu ukiliwa hivyo kwenye skrini nilicheka peke yangu kama mwehu.

Mwaka 1999 huohuo, Kentaro Toyama na wenzake wa Microsoft waliandika orodha ya mambo yanayoivuruga kazi hii. Ukiisoma unadhani walikaa hapa mwaloni. Miti inayotikisika: weka mawimbi. Taa inayowashwa ghafla: weka wingu, au radi. Mtu anayelala mahali pamoja hadi asionekane: ni mtumbwi wa mzee wetu. Kitu kinachofanana rangi na nyuma yake: mtumbwi uliopakwa lami, jioni, juu ya maji meusi, na hapo sijui njia inayokusaidia isipokuwa kuongeza mwanga. Na kuna tatizo la mwanzo, kwamba mashine inataka kwanza ione mahali patupu ili ijifunze. Nani kati yenu amewahi kuuona mwalo huu mtupu saa 12 asubuhi? Niliianzisha saa nane mchana, watu wakiwa wamepumzika, na hiyo ilikuwa rahisi kuliko kuandika programu.

Niseme na mlingoti. Upepo wa mchana unaotoka ziwani ulikuwa unautikisa, na mlingoti ukitikisika kila pikseli imetembea, njia zote nilizotaja zinakufa siku hiyo. Nilihangaika wiki mbili na programu ya kutuliza picha. Kisha fundi akamwaga zege chini ya mlingoti, mfuko mmoja wa saruji, ikaisha.

Njia ya tatu haiulizi kama pikseli imebadilika. Inauliza imekwenda wapi. Tunaita mtiririko wa mwendo, na mwaka 1981 zilitoka kazi mbili kubwa, ya Berthold Horn na Brian Schunck, na ya Bruce Lucas na Takeo Kanade. Zote zinaanza na dhana moja: kitu kikisogea, mwangaza wake haubadiliki, umehama tu. Kwa hiyo tafuta umehamia wapi, uchore mshale. Taabu ni kwamba ukitazama kwa kitundu kidogo huwezi kujua mwelekeo wote. Tazama kamba ya nanga kwa kutumia tundu la ngumi yako: kamba ikivutwa kwa urefu wake hutaona lolote, ikisogezwa kando ndipo unaona. Horn na Schunck walitatua kwa kudai mishale ya majirani ifanane kila mahali, Lucas na Kanade kwa kudai ifanane ndani ya kidirisha kidogo.

Maji yanaivunja dhana hiyo ya mwanzo. Mng'ao juu ya wimbi haujahama kutoka popote. Umezaliwa na kufa papo hapo. Mishale ya majini ikawa kama kundi la vifaranga waliotupiwa punje. Nilikaribia kuiacha. Lakini mwaka 2000 Lambert Wixson alichapisha wazo zuri sana: usiamini mshale mmoja, jumlisha mishale kwa sekunde kadhaa uone nani ameshika uelekeo. Wimbi linakwenda na kurudi, jumla yake ni kama hakuna. Mtumbwi una safari, jumla yake inakua. Hapo kwa mara ya kwanza mashine ilianza kutazama ziwa kama ninyi mnavyolitazama.

Nasema hivyo kwa sababu ya jambo lililotokea tulipokuwa tunaandaa video za majaribio. Tuliwapa vijana waweke alama kwenye kila mtumbwi, fremu kwa fremu. Kwenye video moja kulikuwa na doa jeusi mbali, vijana wote wakaliwekea alama. Mzee akalitazama kidogo akasema siyo mtumbwi, ni gogo. Umejuaje? Akasema, "Gogo linapanda na kila wimbi. Mtumbwi wenye mtu unalikata." Hakuangalia umbo, wala picha ile haikuwa na umbo la kuangalia, ni pikseli chache tu. Aliangalia namna linavyokwenda. Tulirudisha video mbele, doa lile likaishia kwenye mawe, halina kasia wala mtu.

Lakini msidhani mtiririko ndio mwisho wa safari. Mnayajua magugu maji. Kisiwa cha magugu kinasukumwa na upepo, kinashika uelekeo wake saa nzima, hakiyumbi, kinakwenda kwa heshima kuliko mitumbwi mingine. Kwa kanuni ya Wixson hicho ni chombo. Asubuhi moja programu yangu ilisema kuna vyombo sita vinaingia kutoka upande wa Kamanga kwa mstari mmoja, nikakimbia kutazama, ni magugu matupu, juu yake ndege wamepanda bure.

Hapo ndipo vijana wananiambia, mwalimu, unajisumbua, tumia akili unde. Sawa, tuizungumze. Tangu mwaka 2015 kuna familia ya programu iitwayo YOLO, iliyoanzishwa na Joseph Redmon na wenzake, inayotazama fremu mara moja na kusema: pale kuna chombo, pale mtu, pale ndege. Matoleo mengi yamefundishwa kwa mkusanyiko wa picha uitwao COCO, wenye aina 80 za vitu, na chombo cha majini kimo. Magugu haiyaiti mtumbwi, nayo ni nafuu kubwa. Ila sikilizeni kasoro yake: haijui kutembea. Mitumbwi iliyogeuzwa mchangani kwa ukarabati iliihesabu yote, kila fremu, siku nzima. Picha ilizosomea zimejaa vyombo visivyofanana na mtumbwi wetu uliojaa nyavu na watu sita. Mtumbwi ukiwa mbali, ni doa, inanyamaza. Na inakula umeme: kompyuta yetu ndogo ya sola haikuweza kuifuata kamera hata kwa nusu ya kasi yake.

Basi sikuiacha wala sikuipa kazi yote. ViBe inakesha, ni nyepesi. Ikishika kitu, mishale inakijumlisha kwa sekunde chache. Kikionyesha kina safari, ndipo kipande hicho kidogo cha picha kinakatwa na kupelekwa kwa YOLO, aulizwe mara moja tu: hili ni magugu au ni chombo? Akikaa kimya kwa sababu ni mbali, tunasubiri kisogee. Wako watakaosema ni viraka. Ni viraka. Hata tanga lina viraka.

Usiku ni habari nyingine, nami nitapita haraka kwa sababu ni rahisi kuliko mlivyodhani. Wakati wa giza mitumbwi ya dagaa inawasha taa, zamani karabai, siku hizi za betri na sola. Hapo sihitaji tabia tano wala bahasha. Kila kilicho cheupe kupita kiwango fulani ni taa, ondoa pacha wake anayetetemeka majini chini yake, hesabu. Mbalamwezi ikiwa kubwa dagaa hawajikusanyi kwenye taa, mitumbwi inapumzika, na kamera inapumzika nayo.

Sasa, kijana akija na programu akasema ina usahihi wa asilimia 99, mwulizeni asilimia ya nini. Mtumbwi ulio mbali unachukua labda pikseli 900 kati ya 921,600. Programu inayosema "hakuna kitu" kila mahali, kila siku, itakuwa sahihi kwa zaidi ya asilimia 99.9 ya pikseli, na haijawahi kuona mtumbwi hata mmoja. Mwulizeni maswali mawili. Kati ya vitu ulivyovitaja, vingapi vilikuwa mitumbwi kweli? Kati ya mitumbwi iliyopita kweli, umetaja mingapi? Mashine yenye kelele inashinda swali la pili na kuanguka la kwanza. Mashine bubu kinyume chake. Na makosa hayana bei moja. Usiku, kelele nyingi zitamfanya mlinzi azime simu. Asubuhi, wakati wa kuhesabu waliorudi, afadhali kelele mia kuliko kukosa mtumbwi mmoja ambao kuna familia inausubiri. Kwa hiyo kiwango cha mchana na cha usiku kwenye mashine yetu si kimoja, na mtu asije akavisawazisha kwa kupenda usafi.

Kuna mkusanyiko wa video za majaribio unaotumika duniani, CDnet, toleo la mwaka 2014 lina video 53 katika makundi 11, na katika kundi la usuli unaochezacheza mna video za vyombo majini, mmojawapo mtumbwi. Nimezitumia na nawashauri vijana waanze nazo. Lakini maji yale si haya. Ghuba yetu inatazama magharibi, jua la jioni linazama usoni mwa kamera na kugeuza maji yote kioo, saa ileile mitumbwi ya nyavu inapotoka. Njia iliyoongoza kwenye video za wenzetu ilikuwa ya mwisho kwenye video yetu ya saa 12 jioni. Tukahamisha kamera hadi pembeni mwa mizani, itazame kaskazini, na njia zote zikapanda daraja kwa pamoja.

Jambo moja la mwisho kabla ya chai. Kule kwenye mawe wanakooga watu na akina mama kufua, sehemu hiyo ya fremu nimeifunika kwa rangi nyeusi ndani ya programu kabla video haijaandikwa popote. Anayetaka kuhakikisha aje aone skrini. Karibuni maswali.

Swali lilikuwa moja. Yule mzee wa gogo aliinua mkono, akasimama taratibu. "Mwalimu, mtumbwi ukitoka na watu sita ukarudi na watano, hiyo mashine itajua?"

Nikamwambia, hapana, baba. Kwa mbali huko haiwezi kuhesabu vichwa. Wanakaa wamebanana, mmoja ameinama anakumba maji, mwingine amelala juu ya nyavu. Itasema mtumbwi umerudi.

Akakaa. Karani wa mwalo, aliyekuwa ameshafunga daftari lake la majina na kuliweka chini ya kiti, akalichukua tena, akalipangusa vumbi, akaliweka magotini.